Basela ya Kwenye Soksi

Niseme aibu yenyewe mapema, kabla hamjaisikia kwa mtu mwingine akaiongezea chumvi: yule jamaa wa msikiti wa Mayfair, hapa Johannesburg, ambaye Ijumaa moja alisimama kwenye safu ya tatu, pembeni yake kukabaki nafasi ya watu wawili kulia na wawili kushoto, na huku msikiti umefurika na watu wanaswali mpaka kwenye ngazi za nje, ni mimi. Nasikia hadithi imeshafika Fordsburg na kule wanasema nafasi ilikuwa ya watu watatu kila upande. Si kweli. Niliihesabu, kisha nikaihesabu tena, maana macho yangu hayakuwa na pengine pa kwenda. Wawili na wawili.

Kwa asiyenijua, naitwa Idi, ila wengi huniita Baba Asha, nimetokea Kigoma, napanga chumba cha uani La Rochelle, na nina pikapu moja nyeupe ambayo mlango wake wa kushoto unafunguka kwa ndani tu. Kazi yangu ni kuwabishania watu bei. Mtu ana harusi, anataka vitambaa, anaona haya kumwambia mwenye duka kwamba bei yake ni ya kichekesho, basi ananichukua mimi nikamwambie. Fordsburg kuna wenye maduka wakiniona naingia wananiagizia chai kwanza, na msidhani ni upendo, wanataka nichoke mapema (chai nakunywa, na sichoki).

Na kitu kimoja ambacho siondoki dukani bila kukipata ni basela. Kwetu tunasema nyongeza, lakini hapa Johannesburg kila mtu, awe Mzulu, Msomali au Mrundi, anasema basela: ile nyanya moja ya juu, ile sindano ya bure, kile kidogo ambacho muuzaji anakuongezea mkishamaliza kuzozana ili muachane kwa amani. Mimi nimepewa basela na daktari wa meno. Nimepewa basela na mtu aliyekuja kuniandikia faini ya maegesho (kalamu, bado inaandika). Kwa hiyo mtaelewa kwamba yaliyonipata hayakuanzia kwenye ujinga, yalianzia kwenye ufundi.

Sasa Mama Zaina. Huyu ni jirani yangu, mama wa Kasongo, Maniema, mjane asiyetaka kuonewa huruma, ana oveni moja ya umeme iliyojaza nusu ya chumba chake, na anaoka mkate ambao ukiukata ungali wa moto unasahau ulichokuwa unataka kusema. Tatizo la mkate huo lilikuwa moja, mvua. Hapa mvua na joto huja pamoja, na mkate usio na dawa yoyote, ukifungwa kwenye mfuko wa plastiki katika majira hayo, hauchukui siku nyingi kabla ya kuanza vidoa. Haji Nur, Msomali aliyekulia Eastleigh kule Nairobi na sasa ana maduka matatu Mayfair, aliupokea mara ya kwanza kwa sababu mimi nilimwapia kwamba hataujutia, na baada ya siku chache akanipigia simu.

"Idi, hii mkate yenu imeota ndevu."

"Ndevu za namna gani, Haji?"

"Za kijani. Kuja uichukue kabla haijaanza kuniamkia."

Tukaenda kuichukua. Njia nzima Mama Zaina alikaa na ile mikate mapajani kama mtu aliyetoka kumchukua mtoto aliyefukuzwa shule. Wakati huo alikuwa anafagia ofisi za watu Braamfontein alfajiri, kisha anarudi kuoka, na mwili ulishaanza kukataa. Alikuwa ameniambia waziwazi: akipata mteja mmoja mkubwa anaacha ufagio, asipompata anauza oveni. Na mtu wa kuitaka oveni alishapatikana, alikuwa aje kuitazama Jumamosi.

Nikambembeleza Haji. Nilimbembeleza kwa muda mrefu kuliko ninavyobembeleza bei, mpaka akachoka. "Leteni ingine," akasema, "niweke kwa shelfu mpaka Ijumaa. Baada ya swala nitaikata mbele ya watu. Ikiwa safi, kuanzia Jumamosi nachukua arobaini kila siku. Ikiwa na ndevu, tutakuwa tunasalimiana tu kwa barabara."

Dereva mmoja wa kiwanda cha mikate ndiye aliyetunong'oneza kwamba mikate ya madukani haioti ukungu kwa sababu wanatia unga fulani, na akatuelekeza kwa wauzaji wa kemikali kwenye maghala ya kusini mwa mji. Kitu chenyewe kinaitwa kalsiamu propioneti. Jina nililikariri ndani ya gari kama mtu anayekariri namba ya pasipoti. Pale kaunta alikuwepo mama mmoja, Thandeka, ana miwani imening'inia kifuani, na siku hiyo ya kwanza alitueleza bila haraka: ni unga mweupe, unayeyuka majini upesi, ni kalsiamu ileile ya maziwa na mifupa imefungwa pamoja na asidi ambayo hata jibini huwa nayo, unazuia ukungu lakini hamira unaiacha ifanye kazi yake, mradi usizidishe. Gramu tatu hivi kwa kilo ya unga wa ngano, basi. Ukizidisha, mkate unavimba kwa uvivu na unapata ladha ya ajabu.

"Na harufu?" nikauliza, maana mimi huuliza.

"Kidogo sana, baba. Ikiwa kavu."

Mimi nikabeba "kidogo sana". Hilo la "ikiwa kavu" nililiacha palepale kaunta, na kama kuna kitu maishani mwangu ningepaswa kukipakia vizuri ni hicho.

Akatupa sampuli ndogo ya kujaribia, Mama Zaina akaoka, mkate ukapanda kama kawaida, hauna harufu, hauna ladha ngeni, tukaupeleka kwa Haji ukawekwa kwenye shelfu, na Ijumaa asubuhi mimi nikatumwa kununua mfuko mzima ili, Haji akikubali, uokaji uanze jioni hiyohiyo. Nilivaa kanzu nyeupe kabisa, nikatia udhu nyumbani ili nisipoteze muda, nikavuta soksi zangu nyeusi ndefu zinazofika chini ya goti. Hizo soksi zina maelezo. Anayeishi Johannesburg kwa akili zake hatembei na pesa mfukoni, mfukoni ni mahali pa kuweka ufunguo na noti moja ya kumpa mwizi ili asikasirike. Benki ni soksi.

Nikamkuta Thandeka. Nikaanza.

"Baba," akasema (ananiita baba ingawa nadhani tulizaliwa mwaka mmoja), "mfuko ni kilo ishirini na tano na bei ni ile iliyobandikwa ukutani."

"Ukuta hauna watoto, sisi," nikasema (hapa dada huitwa sisi), "mimi ninao."

"Bei ni ileile."

"Nikichukua nusu mfuko?"

"Hatufungui. Ukifunguliwa hapa hauwi tena wa chakula." Akageuza mfuko anionyeshe: umeshonwa mdomo, ndani una plastiki, nje una namba, tarehe ya kuisha, na muhuri wa halali, jambo ambalo Haji alikuwa amelitaja mara kadhaa. Pembeni palikuwa na rundo jingine la mifuko yenye jina lilelile na bei ya chini. Nikaulizia lile.

"Ule ni wa chakula cha mifugo. Wateja wako ni ng'ombe?"

"Hapana."

"Basi."

Nikaomba mfuko upimwe. Ukapimwa. Nikaomba ushushwe upimwe tena, kwa sababu kuna mizani ambayo husema kweli mara ya pili. Ukaja vilevile, kilo ishirini na tano na uzito wa karatasi yake. Nyuma yangu watu walishakuwa foleni, na mmoja akasema "eish" kwa utaratibu sana, kama mtu anayeweka mzigo chini. Nikainama, nikafungua benki, nikalipa bei ya ukutani, na kwa kuwa moyo wangu haukubali kulipa bei ya ukutani na kuondoka hivihivi, nikaegemea kaunta.

"Sasa sisi, basela yangu."

"Baba, hapa si sokoni."

"Ndiyo maana sikuomba nyanya."

Akacheka bila kutaka, akavuta droo, akanipa pakiti ya sampuli, plastiki nyepesi bapa yenye gramu mia. Nikaitazama. Nikamwambia nina mikono miwili, mmoja utamwonea wivu mwenzake, sijui nilisema nini tena, akanipa ya pili ili niondoke. Kisha akachukua kalamu: "Ngoja nikuandikie karatasi ya sampuli, mlinzi wa getini anakagua kila kitu kinachotoka."

Hapo ndipo. Kama ningetulia pale kwa muda wa mtu kuandika mistari miwili, leo ningekuwa mtu mwenye heshima zake. Lakini saa ya ukutani ilikuwa inakimbia, Ijumaa haimngojei mtu, na pia (hili nalisema kwa sauti ndogo) kwa uzoefu wangu kitu kikishaandikwa, mahali fulani mtu anakikumbukia kodi.

"Usijisumbue, sisi," nikamwambia. "Cha bure hakiandikwi."

Kwa mbali nikamwona mlinzi, mtu mrefu aliyefunga mkanda juu ya tumbo, anamkagua mteja mmoja mifuko ya suruali kwa kuipapasa kabisa. Nina pakiti mbili za unga mweupe ambazo hazimo kwenye stakabadhi yangu. Ningeweza kurudi kwa Thandeka. Foleni ilikuwa watu saba, niliwahesabu, saba. Nikajibanza nyuma ya nguzo, nikaingiza pakiti moja kila soksi, pembeni ya kifundo cha mguu, pamoja na chenji, nikashusha kanzu, nikaenda.

Mlinzi akasoma stakabadhi, akatazama mfuko kwenye toroli. "Mmoja?"

"Mmoja."

Akanipapasa mifuko, akakuta ufunguo na ile noti ya mwizi. Nikapiga hatua kuelekea kwenye pikapu, na kwa kuwa vifundo vyangu vilikuwa vimenona ghafla, nilitembea nimetanua miguu kama mtu anayevuka dimbwi.

"Uko sawa, baba?"

"Miguu tu inanisumbua," nikamjibu. Ulikuwa uongo wakati ule. Kufika adhuhuri ulikuwa kweli.

Palikuwa na mtu wa kubeba mizigo kwa ujira mdogo, nikamkatalia. Nikachuchumaa mwenyewe kama wanavyofundisha, mgongo wima, nikaukumbatia mfuko, nikasimama nao, na katikati ya kusimama nikasikia kitu kinasema "pu" mguu wa kushoto, na nilipoutua mfuko kwenye kiti cha abiria, "pu" nyingine mguu wa kulia. Nikadhani ni magoti. Kwa umri wangu magoti husemasema. Nikaufunga mfuko mkanda (nyuma ya pikapu siweki kitu cha thamani, Johannesburg ukisimama kwenye roboti nyekundu, yaani taa za barabarani, unaondoka na gari tupu), nikawasha, nikaondoka.

Roboti zote za njiani zilikuwa zimezimika kwa kukatika umeme. Jua lilikuwa linawaka kama lina kisasi, kioo cha kushoto hakishuki, na mimi klachi, breki, klachi, breki, kutoka kusini mpaka Mayfair, ndani ya soksi ndefu za kuchezea mpira. Miguu ilikuwa inalowa na nilihisi kitu kama mchanga kinasugua vidoleni, nikajiambia ni noti zimejikunja. Harufu fulani ilianza kupanda. Nikalaumu mitaro ya barabarani.

Duka kubwa la Haji liko hatua chache kutoka msikitini. Mama Zaina alikuwa mlangoni na kitambaa chake kizuri cha kichwani, mkononi ana mkate mpya ameufunika kwa taulo, na nilipoushusha mfuko ndani akanitazama nikitembea.

"Baba Asha, juu ya nini unatembea sawa bibi-harusi?"

"Haraka, mama."

"Haraka ya wapi? Bibi-harusi hana haraka." Akanusa hewa kidogo. "Na kitu inanuka hapa."

"Mitaro," nikasema, na adhana ikanisaidia kuondoka.

Sasa mtu ataniuliza, kwani hukupita kuosha miguu? Udhu nilikuwa nao tangu nyumbani. Na ningevua soksi pale kwenye mabomba mbele ya watu wote, chenji yangu na pakiti zangu zionekane? Nikavua viatu mlangoni, nikavisukuma kwenye rafu, nikaingia. Msikiti ulikuwa umepata zulia jipya, kijani iliyokolea, michango ya watu, lina manyoya mafupi na linaonyesha kila kitu. Nikapita katikati ya watu waliokaa, taratibu, samahani, samahani, mpaka safu ya tatu.

Harufu ikafika muda mfupi baada yangu. Siyo harufu ya kitu kilichooza, niwe mkweli kwa bidhaa, ni harufu ya jibini lililosahauliwa ndani ya begi la timu ya mpira. Na mimi, bila hata chembe ya mashaka, niligeuka nikamtazama mzee aliyekaa kulia kwangu, mzee safi kabisa mwenye ndevu zilizochanwa, nikashusha macho kwenye miguu yake kwa huruma. Nikawaza: maskini, labda hana wa kumfulia. Yule mzee akanitazama na yeye kwa huruma ileile, akasogea. Wa pembeni yake akasogea. Kushoto wakasogea wawili kwa mpigo, kama waliokubaliana.

Tuliposimama kuswali, imamu akageuka akasema tunyooshe safu na tujaze mianya. Mianya ikabaki. Akasema tena. Mtu mmoja kutoka nyuma akaanza kuja kwa nia njema, akafika nusu, akarudi. Basi tukaswali hivyo, mimi na zulia langu. Na tulipokwenda sijida nikasikia nyuma yangu, karibu kabisa na nyayo zangu, mtu anakohoa kikohozi cha anayejaribu kukohoa bila kuvuta pumzi. Sijida ya pili, kikohozi. Rakaa ya pili, kikohozi.

Nilipotoa salamu na kugeuka nikamkuta Haji Nur. Macho yamemlowa. Alinyanyuka polepole, akashika ukuta.

Yule mzee wa kulia ndiye aliyenisogelea, akaniinamia sikioni kwa upole wa mtu anayemshauri mwanawe. "Mwanangu, poda naona umeshapaka," akasema, akaelekeza kidole nyuma yangu. "Badilisha aina."

Nikageuka. Kutoka mlangoni, kupitia katikati ya zulia la kijani, kukata kona kwenye nguzo, mpaka pale niliposimama, kulikuwa na nyayo nyeupe. Visigino, vidole, vyote. Watu walikuwa wanazifuata kwa macho kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na mwisho ulikuwa mimi. Sikuzihesabu, na hilo peke yake liwaambie hali niliyokuwa nayo.

Nikapiga magoti nikaanza kufuta kwa pindo la kanzu. Mtunzaji wa msikiti akanikuta pale, akanishika bega. "Acha, ndugu yangu. Unaongeza." Ilikuwa kweli, maana kwa kila nilipopiga magoti soksi zilikuwa zinapumua.

Nikavaa viatu nikaenda dukani, kwa sababu mkate ulikuwa unakatwa. Na nisiwafiche, walikuja watu wengi kuliko Haji alivyotarajia, nusu ya safu ya tatu ilikuwepo, yule mzee alikuwepo mbele. Haji akatoa mkate kwenye shelfu, ule wa mwanzoni mwa wiki, akauweka juu ya kaunta, akachomoa kisu. Mama Zaina alisimama mikono ameishika pamoja. Mkate ukafunguka mweupe, laini, hauna doa hata moja, wala kwenye kona za chini ambako ndevu huanzia. Watu wakasema mashallah. Haji akatabasamu, akachukua kipande, akakiinua puani, na nikamwona anasimama hapohapo. Akanigeukia mimi. Nilikuwa nimesimama karibu yake, karibu mno, nilitaka kuona vizuri.

"Idi. Hii dawa mnatia kwa mkate, inanuka aje?"

"Hainuki, Haji."

"Hainuki?"

"Ikiwa kavu," nikasema. Ndipo ikanirudia sauti ya Thandeka, neno kwa neno, na ndipo nikahisi vidole vyangu vinateleza ndani ya viatu, na nikajua yale "pu" mawili hayakuwa magoti.

Haji akaweka kipande chini. "Mimi nimesujudu nyuma yako leo. Hii harufu naijua sasa kama jina langu. Kama hii ndiyo iko ndani ya mkate, siwezi kuuzia watu. Mama, samahani sana."

Mama Zaina alinigeukia mimi, akanipima kuanzia kichwani mpaka chini, akafika kwenye viatu, akabaki huko. Yeye ananijua kuliko watu wote wa mji huu.

"Baba Asha. Wewe hautoki ku duka bila basela. Basela ya leo iko wapi?"

Ningeweza kusema sikupewa. Wangecheka, ningeenda zangu nyumbani nikaoge, kesho yake oveni ingepakiwa kwenye gari la mtu, na Jumatatu alfajiri Mama Zaina angekuwa na ufagio wake Braamfontein. Nikavuta kreti ya soda, nikakaa, nikavua viatu, na mbele ya Haji Nur, yule mzee, nusu ya safu ya tatu na mama mmoja aliyekuja kununua bamia tu, nikazivua soksi.

Pakiti zikadondoka zimepasuka. Chenji ikafuata, noti zimeviringika kwenye unga kama samaki anayesubiri mafuta yapate moto. Ujiuji mweupe ukaanguka sakafuni, *pwata*. Mama wa bamia akajifunika pua kwa mtandio.

"Hizi ni gramu mia mbili," nikasema, kwa kuwa hata hapo nilitaka hesabu iwe sawa. "Na jasho la kutoka kusini mpaka hapa."

Mama Zaina akasogea mbele yangu, akanipa mgongo, akamwambia Haji: "Haji, sikia. Mukate moja inakula nusu ya kijiko kidogo ya chai, na inaingia ku moto, inakauka. Huyu mutu amevaa pakiti mbili, na hakuingia ku moto, ameingia ku soksi. Usiweke mukate yangu na miguu yake ku hesabu moja."

Haji akafikiri. Akasoma muhuri wa halali kwenye mfuko mpya, akasoma tarehe, akaupapasa mshono ulivyo mzima. Kisha akaninyooshea kidole. "Idi, toka nje kwanza. Mkate ijitetee yenyewe."

Nikatoka pekupeku, soksi mkononi, nikasimama upande wa pili wa barabara ambako waliniambia ni mbali ya kutosha. Kupitia kioo nikaona wanafungua mlango wa nyuma hewa ipite, mtu anapiga deki. Haji anachukua kipande, ananusa. Ananusa tena. Anakula. Anampa mzee, mzee anakula, anatikisa kichwa kwa namna ambayo kutoka barabarani huwezi kujua ni ndiyo au hapana. Mama Zaina hatikisiki. Kisha Haji akaukata ule wa taulo, mpya, wakaula wote, yule mama wa bamia akachukua vipande viwili.

Haji akaja mlangoni. Hakuvuka barabara.

"Mkate nimechukua," akapaza sauti. "Arobaini, kuanzia kesho. Lakini wewe usiilete."

Nikamtazama Mama Zaina, aliyekuwa amesimama nyuma yake, nikitegemea atanitetea japo kidogo, tumetoka mbali, pikapu ni yangu, mteja nilimtafuta mimi.

"Haiko shida, Haji," akasema, kabla sijafungua mdomo. "Leseni ya gari niko nayo tangu Lubumbashi. Baba Asha atanipa ufunguo."

Na ndivyo ilivyo mpaka leo. Ufagio wa Braamfontein aliuacha wiki ileile, na aliyekuja kutazama oveni aliondoka na mkate wa bure (basela, alivyosema yeye, akinitazama). Asubuhi Mama Zaina anaendesha pikapu yangu, mimi nafanya kazi ya kuisukuma inapogoma kuwaka, na nikikaribia mikate ananiuliza kwanza nimevaa nini. Mayfair watu huingia kwa Haji wakaomba "ule wa soksi", na mwanzoni alikuwa anawakemea. Sasa hivi anauliza tu, "Mmoja au mbili?"

Majuzi mfuko wa kwanza ulikaribia kwisha nikarudi kwa Thandeka. Nilisimama kwenye foleni, nikafika, nikalipa bei ya ukutani bila kusema kitu, akanitazama juu ya miwani kama mtu anayetaka kuniuliza kama nyumbani kuna msiba.

"Leo hutaki basela, baba?"

"Leo niandikie karatasi tu, sisi. Andika kila kitu. Andika hata mfuko wenyewe."

Getini mlinzi akachukua karatasi, akahesabu mfuko, mmoja, akanipapasa, akakuta ufunguo na noti ya mwizi, kisha akainama kunitazama miguu. Ilikuwa Julai, baridi ile ya Johannesburg inayofanya maji ya bombani yaume, na mimi nimevaa kandambili, vidole vyote kumi viko nje vinatetemeka.

Akanirudishia karatasi yangu. "Sharp, baba," akasema. "Pita."